Kujitambulisha kwa Kihispania: sentensi zipi zinatosha kwa mazungumzo ya kwanza?

Jamila_J

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada wa wanaokijua Kihispania. Kuna kikao cha video na watu wa Hispania, Meksiko na Argentina, na kila mmoja atajitambulisha kwa dakika moja hivi. Programu ya simu ninayojifunzia imenimwagia maneno mengi lakini haisemi lipi linatumika wapi. Maswali:

1. Jina: *me llamo*, *soy*, *mi nombre es*. Nitumie ipi?
2. *Tú*, *usted*, *vos*, zote maana yake "wewe": ipi ni salama kwa watu nisiowajua?
3. *Soy* na *estoy* zote wamezitafsiri "mimi ni". Hapo nimekwama kabisa.
4. Nikisoma maneno kama yalivyoandikwa, nitaeleweka?

Sarufi_Safi

Karibu, dada Jamila. Nachukua la 1 na la 3, mengine wenzangu watamalizia.

Jina. Zote tatu ni sahihi. *Me llamo Jamila* ndiyo ya kila siku. *Soy Jamila* ni fupi, na watu wengi huitumia wanapopeana mikono au wanapozungumza kwenye simu. *Mi nombre es Jamila* ina urasmi kidogo, inafaa kwenye usaili au mbele ya hadhira. Chagua moja uishike, maana anayejifunza zote tatu siku moja huishia kuzichanganya na kusema "me llamo es Jamila". *Llamo* ni kitenzi kilichojitosheleza, hakitaki *es* nyuma yake. Kosa jingine ni "mi llamo". *Mi* ni -angu na hufuatwa na nomino (*mi nombre*, *mi hermana*), ilhali *me* hukaa mbele ya kitenzi.

Kumuuliza mwenzako: *¿Cómo te llamas?* kwa *tú*, *¿Cómo se llama usted?* kwa heshima. Akishataja jina, jibu *mucho gusto* (nimefurahi kukufahamu). Hiyo haibadiliki kwa mtu yeyote. Ukipenda *encantado*, yenye maana hiyohiyo, kumbuka inamfuata msemaji na si msikilizaji: wewe mwanamke utasema *encantada* hata unayesalimiana naye akiwa mwanamume. Akikuwahi yeye kusema *mucho gusto*, wewe jibu *igualmente* (nami pia).

Sasa *soy* na *estoy*. Tafsiri ya programu yako imepitia lugha nyingine kabla ya kufika kwenye Kiswahili, ndiyo maana imepoteza tofauti ambayo Kiswahili tayari kinayo. Panaposimama "ni" kwetu, mara nyingi kwao ni *ser*, kitenzi kinachozaa *soy* na *es*: *soy profesora*, mimi ni mwalimu; *Ana es mexicana*, Ana ni Mmeksiko. Panaposimama "niko, yuko, wako", mara nyingi ni *estar*, kinachozaa *estoy*: *estoy en casa*, niko nyumbani, *estoy bien*, niko salama. Ongeza na ile -me- ya hali: nimechoka ni *estoy cansada*, nimekaa ni *estoy sentada*, nimeolewa ni *estoy casada*. Mwanamume atasema *cansado, sentado, casado*.

Kanuni hii inavunjika mahali pamoja pa kukumbuka: tukio. Mkutano uko ofisini, lakini kwao ni *la reunión es en la oficina*, kwa sababu tukio "hufanyika", halikai mahali kama kiti. Na kuna sifa zinazogeuka maana kabisa ukibadilisha kitenzi. *Estoy aburrida* ni nimeboeka. *Soy aburrida* ni mimi ni mtu wa kuboa. *Estoy lista* ni niko tayari, *soy lista* ni mimi ni mwerevu. Hiyo ya mwisho kwenye kikao cha kwanza itasikika kama majigambo!

Umri ni rahisi kwetu kuliko kwa wengi, kwa sababu wao pia wanasema nina: *tengo treinta años*, nina miaka thelathini. Vivyo hivyo *tengo hambre* (nina njaa), *tengo sed* (nina kiu), *tengo sueño* (nina usingizi). Usijaribu kuingiza *soy* wala *estoy* hapo.

Ulimi_Mwepesi

La 4: ndiyo, karibu kabisa. Irabu zao ni tano, a e i o u, na zinasomwa kama zetu. Hazimezwi wala hazivutwi. Hiyo peke yake ni nusu ya kazi. Konsonanti ndizo za kuangalia:

*h* haisomwi kamwe. *Hola* ni "ola", *hermano* ni "ermano".

*j* ni kh ya kheri. *Juan* ni "Khwan". *g* ikifuatwa na e au i ni hiyohiyo kh: *gente* ni "khente", *Argentina* ni "Arkhentina". Kwenye nchi za Karibi na Amerika ya Kati hulainika hadi kuwa h ya kawaida, kwa hiyo kh ikikushinda, h itapita.

*ll* wengi husoma y: *me llamo* ni "me yamo". Watu wa Buenos Aires na Montevideo husema sh, kwa hiyo kwenye kikao chako utasikia "me shamo", na hata *yo* itakuwa "sho". Usishtuke, na wala usiige. Baki na y.

*ñ* ni ny ya nyumba. Usiiandike n tupu. *Año* ni mwaka. *Ano* ni tundu la haja kubwa. Maana yake "tengo treinta anos" ni aibu ya maandishi ambayo hakuna atakayekurekebisha kwa sauti.

*z*, na *c* mbele ya e au i: sehemu kubwa ya Hispania ni th ya themanini, Amerika ya Kusini na Meksiko ni s. *Gracias* ni "grathias" kwa wale, "grasias" kwa hawa. Yote sawa, mradi usirukeruke katikati ya sentensi.

*d* katikati ya irabu hulainika kuwa kama dh ya dhahabu, na *g* kuwa kama gh ya ghali: *encantada* karibu "enkantadha", *amigo* karibu "amigho". Mzungumzaji wa Kiswahili ana sauti hizi tayari mdomoni, ni kuzihamisha tu. *b* na *v* hazitofautiani kwao, zote husomwa b nyepesi, kwa hiyo *vivo* ni "bibo".

*r* moja ni kama yetu, *rr* inatikiswa. *Pero* ni lakini, *perro* ni mbwa. Wale ambao r na l huwachanganya wawe waangalifu, kwa sababu *pelo* ni nywele.

Mkazo ndio unaowaangusha Waswahili wengi, na hausemwi sana. Sisi tunabonyeza silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri. Kwao inakuwa hivyo tu kama neno linaishia na irabu, n au s: *HO-la*, *me LLA-mo*, *encan-TA-da*. Likiishia na konsonanti nyingine, mkazo unahamia silabi ya mwisho: *us-TED*, *espa-ÑOL*, *se-ÑOR*, *pla-CER*. Ukiona alama juu ya irabu, mkazo uko hapo, basi: *a-DIÓS*, *in-GLÉS*, *MÉ-xico* (na hiyo x ni kh pia). Pia tusiongeze irabu mwishoni. "Ustedi" na "españoli" ni lafudhi yetu inayojitokeza, na inamlazimisha msikilizaji kukisia.

Mzee_wa_Vitenzi

Kuhusu 2, ushauri wangu ni mfupi: anza na *usted* kwa kila mtu mzima usiyemjua. Akitaka kulegeza atakuambia *puedes tutearme* au *háblame de tú*, yaani niite *tú*. Kushuka kutoka *usted* kwenda *tú* hakumuudhi mtu. Kupanda kutoka *tú* kwenda *usted* ni kama umeteleza.

Kitenzi cha *usted* ni kilekile cha yeye: *usted es, usted tiene, usted vive, usted habla*. Hiyo ni nafuu kwako, umbo moja linatumika mara mbili. Lakini ndiyo sababu watu huitaja *usted* kwa kinywa, maana *¿de dónde es?* (ni wa wapi?) bila kiwakilishi inaweza kumhusu mtu wa tatu.

KahawaBilaSukari

Mzee, kwa heshima, napinga kidogo. "Kila mtu mzima" ni pana mno. Hispania, watu wa rika moja au wafanyakazi wenza hutumia *tú* tangu dakika ya kwanza. *Usted* hapo huweka ukuta, na wengine watadhani unawaona wazee. Bogotá ni kinyume, *usted* inasikika hata kati ya marafiki na ndugu. Argentina na Uruguay wana *vos* mahali pa *tú*, nayo imeenea pia Paraguay na sehemu kubwa ya Amerika ya Kati.

Kwa Jamila mambo ni mepesi kwa sababu anazungumza na kundi. Wingi wa Amerika yote ni *ustedes*, hakuna cha rasmi wala kirafiki. Hispania wana *vosotros* kwa marafiki, lakini *ustedes* wanaielewa na haina ubaya wowote. Kwa hiyo: kundi zima, *ustedes*. Mtu mmoja mmoja, msikilize anavyokuita, kisha mrudishie hivyohivyo.

*Vos* huna haja ya kuisema, ila uitambue unapoulizwa. Mkazo huhamia mwisho: *¿Cómo te llamás?* (jina), *¿De dónde sos?* (unatoka wapi), *¿Cuántos años tenés?* (umri), *¿Dónde vivís?* (unaishi wapi). Majibu yako hayabadiliki hata kidogo, kwa sababu "mimi" ni ileile: *me llamo, soy, tengo, vivo*.

Mzee_wa_Vitenzi

Kwa kundi nakubali. Kwa afisa, daktari au mtu aliyekuzidi umri sana, sirudi nyuma: *usted*, popote pale.

Jamila_J

Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimeandika rasimu, naomba mnikosoe bila huruma:

*Hola, buenas días. Me llamo es Jamila. Vengo de X. Tengo veintiuno anos. Soy una estudiante y yo trabajo con computadoras. Yo soy bien. Él es mi hermana Zuhura. Me gustan ustedes. Mucho gracias.*

(X ni nchi, nimeficha kwa makusudi. Zuhura ni mfano tu, nataka kujua namna ya kumtambulisha mtu mwingine.)

Sarufi_Safi

Ungeeleweka, hilo uliweke moyoni. Sasa tuanze kuchana.

*Buenas días*: iwe *buenos días*. *Día* huishia na a lakini ni ya kiume. *Tarde* na *noche* ni za kike, kwa hiyo *buenas tardes, buenas noches*. *Buenos días* Amerika husemwa hadi saa sita mchana, ila Hispania wengi huiendeleza hadi wanapokula chakula cha mchana, hata saa nane. *Buenas noches* si kama usiku mwema yetu ya kuagana tu. Unaingia nayo na kutoka nayo. Watu wakiwa kwenye saa tofauti, *hola a todos* inamaliza ubishi.

*Me llamo es*: tulishasema. Toa *es*.

*Vengo de X*: hapa Kiswahili ndicho kilichokudanganya. Natoka kwetu hubeba asili na safari kwa pamoja. *Vengo de* mara nyingi husikika kama umetoka huko sasa hivi. Asili ni *soy de X*. Makazi ya sasa ni *vivo en X*. Ukitumia jina la uraia, linafuata jinsia: *mexicano, mexicana*, *francés, francesa*, na ile alama juu ya e inaondoka kwenye umbo la kike. Yanayoishia na -ense au -í, kama *canadiense* na *marroquí*, hayabadiliki. Yote huandikwa kwa herufi ndogo.

*Veintiuno anos*: *veintiún años*. *Uno* hukatwa mkia mbele ya nomino ya kiume: *veintiún*, *treinta y un años*. Kuanzia 16 hadi 29 namba huandikwa neno moja, kuanzia 31 hutengana kwa *y*. Isitoshe, umri si lazima kwenye kikao cha kazi.

*Soy una estudiante*: kazi na masomo havitaki *un* wala *una*. *Soy estudiante, soy ingeniera, soy médico.* Neno hilo hurudi ukiongeza sifa: *soy una estudiante nueva*.

*Yo trabajo*: toa *yo*. Mwisho wa kitenzi unabeba nafsi, kama ni- yetu inavyoibeba mwanzoni. Ukirudiarudia *yo* inasikika kama mimi, mimi, mimi. *Computadoras* inafaa Meksiko na Argentina. Hispania wao ni *ordenadores*, lakini wataelewa.

*Yo soy bien*: *estoy bien*, na iseme ukiulizwa *¿qué tal?* au *¿cómo estás?* tu. Kisha mrudishie: *bien, gracias, ¿y tú?* Kwenye hotuba ya kujitambulisha iondoe, haina kazi.

*Él es mi hermana*: yeye yetu haina jinsia, ndiyo maana hili huponyoka. *Ella es mi hermana Zuhura*, au *esta es mi hermana*, au ukimwelekea mtu mmoja: *te presento a mi hermana* (kwa heshima *le presento a*, kwa kundi *les presento a*). Ile *a* mbele ya mtu usiisahau: *conozco a Ana*, *te presento a Ana*.

*Me gustan ustedes*: hapana, hapana. Kwa kitu, *me gusta la música* ni sawa. Kwa mtu, *me gustas* hueleweka kama umevutiwa naye kimapenzi. Ukitaka kusema fulani ni mtu poa ni *me cae bien*. Unachotafuta hapa ni *encantada de conocerlos* (nimefurahi kuwafahamu). Hispania kwa marafiki ni *conoceros*.

*Mucho gracias*: *muchas gracias*. *Gracias* ni ya kike na wingi. *Mucho* hukaa na *gusto*.

Ikinyooka inakuwa: *Hola a todos. Me llamo Jamila, soy de X y vivo en X. Soy estudiante y trabajo con computadoras. Hablo un poco de español. Encantada de conocerlos.*

Sekunde kumi na tano, hata kwa kusoma polepole. Ukitaka kujaza dakika, ongeza kitu kimoja cha nje ya kazi: *en mi tiempo libre leo y camino* (muda wangu wa mapumziko husoma na kutembea). Familia ikitajwa, *hijos* (watoto) hujumuisha wa kike na wa kiume, na mkazo wa *papá* uwe mwisho. *Mi papa* Amerika ni kiazi changu.

KahawaBilaSukari

Ongeza na silaha za kujiokoa, kwa sababu tatizo halitakuwa kusema, litakuwa kujibiwa kwa kasi. *Más despacio, por favor* (polepole zaidi). *¿Puede repetir?* (unaweza kurudia?) *No entiendo* (sielewi). *¿Cómo se dice…?* unapokosa neno, *¿qué significa…?* unaposikia usilolijua. Wameksiko wakikosa kusikia husema *¿mande?*, si amri, ni "nini" ya adabu. Wewe tumia *¿perdón?*

Maswali utakayorushiwa karibu hakika: *¿a qué te dedicas?* na *¿en qué trabajas?* Zote mbili zinauliza kazi yako, jibu moja.

Kuagana: *hasta luego* haimaanishi lazima mtaonana leo. *Nos vemos* na *chao* (Argentina *chau*) ni za kirafiki. *Adiós* kwa kikao cha kila wiki ni nzito kidogo.

Ulimi_Mwepesi

Jamila, jiandae pia na jina lako lenyewe. Mhispania akiliona limeandikwa atasoma "Khamila", kwa ajili ya hiyo j. Juma atakuwa "Khuma". Hamisi atapoteza h na kuwa "Amisi", Zuhura atakuwa "Suura" (Hispania "Thuura"), na Khadija atakuwa "Kadikha". Kwa hiyo litamke wewe kwanza kabla hawajalisoma kwenye skrini, na ukiulizwa sema *se pronuncia "Yamila"*, maana y yao mwanzoni mwa neno inakaribia j yetu. Hamisi naye akiandika "Jamisi" pembeni, atasomwa karibu na sawa.

*¿Cómo se escribe?* ni ombi la kutaja herufi. Lako: *jota, a, eme, i, ele, a*. Herufi zinazosumbua: h ni *hache* (soma "ache"), g ni *ge* (soma "khe"), y ni *ye* au *i griega*, z ni *zeta*, w ni *uve doble* au *doble ve*. V Hispania ni *uve*. Amerika wengi husema *ve corta*, na b huitwa *be larga*.

Kwenye simu shikilia n upate ñ, shikilia alama ya kuuliza upate ¿. Kwenye kompyuta ya Windows yenye kitufe cha namba pembeni: Alt na 164 ni ñ, Alt na 168 ni ¿, Alt na 173 ni ¡.

Jamila_J

Nimeelewa, asanteni. La mwisho: kwenye orodha ya washiriki wengi wana majina ya ukoo mawili. Nikimwita mtu kwa heshima nachukua lipi?

Mzee_wa_Vitenzi

La kwanza kati ya hayo mawili. Kwa desturi la kwanza ni la baba na la pili la mama. Gabriel García Márquez ni *señor García*, au yote mawili kwa pamoja, si *señor Márquez*. Hispania sheria ya 1999 iliwaruhusu wazazi kugeuza mpangilio, lakini kwako hilo halibadilishi kitu, bado unachukua la kwanza. Wapo wanaojulikana zaidi kwa la pili, hasa la kwanza likiwa la kawaida mno: Picasso alikuwa Ruiz kwa baba. Mwanamke wa Hispania habadilishi jina la ukoo kwa kuolewa, kwa hiyo usimpe la mumewe.

Ukimwita mwenyewe: *buenos días, señor García*. Ukimtaja kwa mwingine ongeza *el* au *la*: *este es el señor García, esta es la señora López*. *Don* na *doña* huenda na jina la kwanza, *don Gabriel*.

Fomu ikiuliza *nombre* weka jina lako, *apellidos* weka la ukoo. Zikiwapo nafasi mbili za *apellido* na wewe una moja, jaza ya kwanza, ya pili iache wazi. Usilirudie jina lilelile mara mbili.